Mwezi wa Notisi

Ukanda wa kiatu cha Jannat ulikatika pale penye msukumano, feri imeshagota upande wa kisiwani na watu wanamiminika kama mchele wa gunia lililopasuka. Wenye mikokoteni wanapiga kelele, "Kando! Kando!" Wauza korosho wameinua mabeseni juu ya vichwa vyao. Jannat alikuwa anatoka harusini Likoni, gauni la hariri ya kijani chini ya buibui, hina mbichi mikononi, akinukia udi mwili mzima. Kiatu kimoja cha kisigino kiko mguuni, kingine mkononi, naye arukaruka juu ya lami ya moto.

"Dada, utaungua."

Akageuka. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limepigwa pasi likanyooka, mkononi kisanduku cha vyuma. Alikuwa amekwisha vua makubadhi yake.

"Vaa haya."

"Na wewe je?"

"Mimi nyayo zangu za Kidigo, zimekulia kwenye changarawe."

Jannat akacheka, ingawa hakutaka. "Nayo nitakurudishiaje, na sikujui?"

"Kombe, fundi wa cherehani. Niko kwa Mzee Jamaldin, Biashara Street. Lete hicho kiatu nikakishone ukanda. Cherehani zote za mji huu zanijua."

"Yangu haikujui."

"Basi yaumwa."

Akamwachia kiatu, akaenda zake na makubadhi ya mwanamume, anaburura miguu kama bata, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakujali nani anamtazama.

Kombe alikuwa akikaa Likoni kwa dadake, Mejumaa, na foleni ya feri ya kila asubuhi ilikuwa imemchosha. Wiki ile ile Mzee Jamaldin, tajiri wake, akamwambia yuko mjane Kibokoni, Bi Mwanakhamis, ana chumba cha chini chenye mlango wake wa kichochoroni, ataka mpangaji mstaarabu. Kombe akaenda. Alipofika kizingitini akapiga hodi, macho yakamwanguka chini. Pale mlangoni, yamepangwa vizuri, yalikuwa makubadhi yake.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Mwanakhamis, leso yake kichwani, miwani puani. "Mbona waangalia viatu?"

"Mazuri, mama."

Juu kwenye dirisha la mbao mtu akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo.

Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Mwezi kwa mwezi. Mpangaji akitaka kuhama aje kwa mwenye nyumba mwenyewe, aseme, kisha akae mwezi mzima wa notisi ndipo atoke. Mwenye nyumba naye akitaka chumba chake, atafanya vivyo hivyo. Wakapeana mkono juu ya leso, wakasoma Fatiha, yakaisha.

Kuna jambo moja Bi Mwanakhamis hakulisema. Miezi yake yeye ilikuwa ya kuandama. Ndivyo mamake alivyohesabu kodi, na bibi yake, na wapangaji wote waliopita walikuwa watu wa Mji wa Kale, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kombe alikuwa akitia kodi kwenye kikapu kilichoteremshwa dirishani, siku ya mshahara, kwa kalenda ya ukutani dukani mwa Jamaldin. Bi Mwanakhamis aliona ni kijana wa kazi, akapokea kimya. Hakutaka kumwaibisha kwa siku mbili tatu.

Kikapu kile ndicho kilichowalea Kombe na Jannat, binti wa mwenye nyumba. Nyumba za Kibokoni ni za ghorofa na ngazi zake nyembamba, kwa hivyo mwanamke hashuki kwa kila kitu. Huteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, muuza samaki akatia, au muuza mboga. Jannat alikuwa akishona mabuibui ya watu huko juu. Sindano ikivunjika, kikapu kilishuka hadi mlangoni pa fundi.

"Fundi! Uko?"

"Niko. Imevunjika tena?"

"Imevunjika."

"Wewe Jannat, sindano zote hizi wazila?"

"Nala kwa achari."

Kikapu hupanda na sindano mpya, na kimoja kati ya viatu vile vya harusi kilipanda hivyo hivyo, ukanda umeshonwa hata hauonekani. Kikapu hushuka na mahamri yamefunikwa kitambaa. Makubadhi tu ndiyo hayakushuka. "Nimeyazoea," alisema Jannat. "Yakae hapo mlangoni, wezi wajue nyumba hii ina mwanamume." Kombe akanunua mengine.

Mchana, Mzee Jamaldin akienda kuswali adhuhuri, simu ya nyumbani kwa Bi Mwanakhamis ililia.

"Haloo?"

"Mashine imepona?"

"Bado, fundi. Yatetemeka."

"Yatetemekea wapi?"

"Ikisikia sauti yako." Kisha haraka, kwa sauti ya juu, "Haya, ahsante, buibui lako litakuwa tayari Alhamisi!" Hapo mamake alikuwa anapita na sinia ya mchele.

Bi Mwanakhamis hakuwa kiziwi. Aliwaona, akawaacha. Hapakuwa na la haramu, ngazi ilikuwa kati yao na adabu ilikuwa kati yao, na yeye mwenyewe alianza kumzoea yule kijana aliyemsalimu kila asubuhi, "Sabalkheri, mama," akamchukulia ndoo za maji siku ambazo mfereji umekauka.

Mwaka ukaenda, na Kombe akataka kuoa. Hakuwa na baba. Akamwendea Mzee Jamaldin dukani, akakaa kwenye kibao kama mwanafunzi.

"Ami, nataka uniendee posa."

"Kwa nani?"

Kombe akainamisha kichwa. Mzee Jamaldin akaweka bisibisi chini.

"Kwa Mwanakhamis? Na wewe walala chini ya dari lake?"

"Ndiyo, Ami."

"Haiwezekani. Nikienda leo na posa, watu watasema alikuwa naye ndani mwaka mzima, sasa ndiyo waja kusitiri. Utamvunjia mama yule heshima yake, na binti jina lake. Hama kwanza. Mpe notisi, umalize mwezi wako kwa wema, utoke kwa wema, mimi niende siku ya pili yake. Na huyo msichana usimwambie neno. Posa huisikia mama kwanza. Niapie."

Kombe akaapa. Aliona ni haki, na kweli ilikuwa haki.

Ilikuwa mwisho wa Disemba, Rajabu imeandama juzi yake. Akavaa kanzu safi, akapanda ngazi kwa mara ya pili tu tangu aingie nyumba ile, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukupa notisi. Nataka kuhama."

Bi Mwanakhamis akavua miwani. "Kuna ubaya, mwanangu? Chumba chavuja?"

"Hakuna ubaya hata kidogo. Nimekaa kwako kama kwetu."

"Waenda wapi?"

"Tudor. Nimepata vyumba viwili."

Vyumba viwili! Bi Mwanakhamis akamtazama. Kijana amevaa kanzu siku ya kazi, hajainua macho kuelekea pazia ambako wote wawili walijua Jannat amesimama, na atoka nyumbani bila ugomvi. Bi Mwanakhamis alikuwa ameishi mjini miaka mingi. Akaelewa. Moyo wake ukafurahi, akauficha kwa kikohozi.

"Haya, baba. Maliza muda wako, kisha unirudishie ufunguo."

Nyuma ya pazia Jannat hakuelewa alivyoelewa mamake. Alisikia *nataka kuhama*, yakamwingia hayo tu.

Simu ililia mchana wa pili.

"Mashine imepona?"

"Kwa nini wahama?"

"Ni karibu na kazi."

"Tudor ni karibu na Biashara Street kuliko Kibokoni? Tangu lini? Wewe wapajua mjini hapa au wanidanganya?"

"Jannat, subiri kidogo tu. Nakuomba."

"Nisubiri nini? Nambie nijue nasubiri nini!"

"Siwezi kukwambia."

"Basi mimi nami siwezi kusubiri nisichokijua." Akaweka simu, akabaki ameishika pale pale, akingoja ilie tena. Ililia. Alikuwa mteja wa buibui.

Siku zile joto lilikuwa kali, mji umenuna. Kikapu kilikuwa kikishuka kwa muuza samaki na kupanda, hakisimami mlangoni pa fundi. Kombe alikuwa anatoka alfajiri, anarudi jioni, anainama kuvua viatu kando ya makubadhi yake ya zamani, anaingia ndani bila kutazama juu. Alidhani anamstiri. Jannat, aliyekuwa akimchungulia kwenye nafasi za mbao za dirisha, aliona mtu aliyekwisha kumchoka.

Ndipo Sheikha, jirani wa nyumba ya pili, akaja kuchukua buibui lake, akakaa.

"Shoga, mpangaji wenu ameoa?"

"Nani kakwambia?"

"Nilikwenda Tudor kwa wifi yangu. Nikamwona na mwanamke kwenye nyumba mpya, wanapima madirisha. Yule mwanamke ameshika kitambaa cha pazia, amweka sawa, 'Hapa, Kombe, hapa.' Kama mwenye nyumba yake!"

Jannat akaendelea kukanyaga cherehani. Sindano ikavunjika. Safari hii hakuteremsha kikapu.

Wakati huo huo posa nyingine ilikuwa imebisha. Dadake Bi Mwanakhamis, Bi Mwanarusi, alikuwa na mwana wake Fuad, anafanya kazi Maskati, kijana mpole mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, amekuja likizo. Ataka kuoa kabla ya Ramadhani kisha arudi kazini. Mama mtu alimtaka Jannat tangu akiwa mtoto. Alimwambia dadake bila kuzunguka.

"Ngojeni Shaabani iandame," akajibu Bi Mwanakhamis. "Nitawapa jibu."

"Hata ungoje nini, dada? Kwani kuna mwingine?"

"Nimesema ngojeni."

Hakuweza kusema zaidi. Mama wa binti hamtaji mtu ambaye hajaja. Na kumwita Kombe amuulize, *wewe wamtaka mwanangu?* hilo lilikuwa halifanyiki, ni kumnadi mtoto. Alichoweza kufanya ni kungoja mwezi wa notisi uishe, na kumwombea Mungu.

Shaabani ikaandama. Watu walisimama barazani baada ya magharibi, wakauona mwembamba juu ya paa za mabati. Bi Mwanakhamis alikaa dirishani asubuhi ya pili yake akimngoja Kombe apande na ufunguo, na jioni Mzee Jamaldin aje na kofia yake nyeupe. Kombe akatoka na kisanduku chake cha vyuma kama kawaida. "Sabalkheri, mama." Akaenda kazini.

*Labda kesho*, akasema moyoni.

Kesho ikapita. Na kesho yake. Viatu viko pale pale mlangoni, jozi mbili. Muda umekwisha, mtu hatoki, hasemi, wala hamtumi mtu. Bi Mwanakhamis akaona amejidanganya. Labda kijana alitaka kuhama tu, basi, na hata huko kuhama ameghairi. Bi Mwanarusi akapiga simu. Fuad siku zake zinakwisha.

Akamwita Jannat, akamkalisha kitandani.

"Fuad amekuposa. Mamako Mwanarusi ataka jibu leo. Sitakulazimisha. Kama una neno, sema na mamako."

Jannat alitaka kusema. Lakini neno lenyewe lilikuwa lipi? Mtu aliyesema *siwezi kukwambia*. Mwanamke aliyeshika pazia.

"Sina neno, mama."

"Una hakika?"

Chozi likamdondoka Jannat, na mamake akalichukulia kuwa ni chozi la mwanamwali. Jibu likapelekwa. Ikasomwa Fatiha kwa Bi Mwanarusi, vikatafunwa visheti.

Siku chache baadaye Januari ikaisha. Kombe akafagia chumba, akapaka chokaa pale alipokuwa amepigilia misumari, akafunga godoro lake. Akasimama chini ya dirisha.

"Mama! Teremsha kikapu."

Kikapu kikashuka. Akautia ufunguo. Bi Mwanakhamis akauvuta, akautazama mkononi, akamtazama yule kijana aliyesimama juani, ametabasamu kama mtu wa sikukuu.

"Nisamehe nilipokukosea, mama."

"Hukunikosea, baba," akasema, na hakuelewa kwa nini tabasamu lile linamtia baridi.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, Mzee Jamaldin akapiga hodi. Kofia nyeupe, bakora, kahawa imeletwa na hajaigusa.

"Bi Mwanakhamis, nimekuja kwa jambo la kheri. Mwanangu Kombe ataka kuoa kwako."

Bi Mwanakhamis akashika mdomo wake kwa ncha ya leso.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulingoja amalize mwezi wa notisi. Amemaliza jana."

"Jana? Umekwisha tangu ilipoandama Shaabani!"

"Lakini leo ndiyo tarehe mosi..."

"Mzee Jamaldin! Mimi nahesabu kwa kuandama! Nyumba hii tangu iwepo yahesabu kwa kuandama. Nilikungojeni. Wallahi nilikaa dirishani nikakungojeni. Dadangu nilimzuia, nikamwambia ngoja. Mwezi umeandama, kijana yuatoka na kisanduku chake, nasema kesho, kesho, hamji." Akavunjika sauti. "Nimeshatoa neno, Mzee. Jannat ana mtu."

Mzee Jamaldin alitazama kahawa yake. Akasema polepole, "Mimi ndiye niliyemwambia amalize muda wake kwa wema. Kalenda ya ukutani mwangu ndiyo aliyokuwa akiitazama." Akainuka. Posa haiendi juu ya posa, alilijua hilo tangu chuo cha Kurani, na hakungoja aambiwe.

Alipoondoka Bi Mwanakhamis akapanda chumbani kwa mwanawe, akamweleza yote, hakuficha lake. Kisha akasema, "Ukitaka, nitairudisha posa ya Fuad. Nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Aibu ni yangu, si yako."

Jannat akarudi kwenye cherehani yake. Mchana wa pili simu ikalia, naye akaichukua mlio wa kwanza.

"Mashine imepona?"

Sauti yenyewe ilikuwa imekwisha. Jannat akafumba macho. "Hiyo haiponi tena, fundi."

Kombe akamwita kwa jina.

"Ungenidokeza, Kombe. Neno moja tu. Ningekaa miaka."

"Niliapa kwa Ami. Nilitaka uingie kwangu bila mtu kukusengenya."

"Na yule mwanamke wa Tudor?"

"Mwanamke gani? Mejumaa? Ni dadangu, Jannat! Alikuja kunipimia pazia. Nilimwambia wewe wapenda kijani."

Jannat akalia sasa, bila kujiziba. "Zimeshonwa?"

"Zimetundikwa."

"Za kijani?"

"Kama lile gauni la Feri."

Akajifuta kwa mkono. "Mama asema nikitaka atairudisha posa."

Kombe akashika ukingo wa meza. "Na wewe wasemaje?"

"Baba alipokufa tulikaa kwa Mama Mwanarusi. Alinilisha kwa mkono wake, mimi na Fuad sinia moja. Nikimrudishia mwanawe leo, wamealika watu, mamangu na dadake hawatazikana. Nami nitaishi Tudor na pazia zangu nikilijua hilo."

"Nimewaza nimwendee Fuad mwenyewe," akasema Kombe. "Nimwombe aachilie. Nimefika mpaka mlangoni kwao. Nikamwona anacheka na watoto wa jirani. Nikarudi. Amekosa nini yule?"

"Hajakosa. Hakuna aliyekosa. Ndiyo mana siwezi kulala, Kombe. Sina wa kumkasirikia."

"Nikasirikie mimi."

"Nimejaribu," akasema Jannat. "Yakataa."

Akacheka kidogo, na Kombe akacheka, na kicheko kikawaharibikia katikati.

"Makubadhi yako niyateremshe?"

"Yaache mlangoni. Wezi wajue."

Harusi ilikuwa ya watu wengi, pilau hadi kichochoroni. Jannat alishuka zile ngazi na viatu vya kisigino vya siku ile ya Feri. Wenzake walimletea vipya vya dhahabu, akakataa. Ukanda haukukatika. Kabla ya Ramadhani alikuwa Maskati, na barua zake kwa mamake zilisema ni mzima, Fuad ni mtu mwema, joto la huko si kama la kwetu. Kombe alihamia Likoni tena, kwa dadake, akarudi kwenye foleni ya feri.

Chumba kilikaa kitupu mpaka mfungo mosi, Ramadhani imekwisha. Kisha akaja kijana mmoja, Jared, mfanyakazi wa bandarini, mcheshi, mikono mikubwa. Bi Mwanakhamis alimwonyesha dirisha, akamwonyesha mfereji. Jared akaona yale makubadhi kizingitini, yamepanguswa vumbi.

"Mama, ulisema wakaa peke yako. Haya ni ya nani?"

"Ya mtu wa nyumba. Usiyasogeze." Akavua miwani yake, akamtazama machoni. "Sikiliza kabla ya lolote. Hapa mpangaji akitaka kuhama hukaa mwezi mzima wa notisi. Na mimi miezi nahesabu kwa kuandama, si kwa kalenda. Umesikia?"

Jared akacheka kwa upole. "Sawa, mama. Siku tatu nne, hizo zina nini? Kwangu yote mamoja."

Bi Mwanakhamis akageuka kupanda ngazi. Akasimama penye kidato cha kwanza, mkono ukutani.

"Si mamoja, baba," akasema. "Si mamoja."